Maneno ya Leonard Mdomoni mwa Muuaji

Shikamoo Mama Winfrida,

Nisaidie mama, maana nimefika mahali sijui niende mbele au nirudi. Nina miaka ishirini na saba, naishi hapa Ulemo, kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye banda la video, zile za zamani za upelelezi zisizo na rangi, nashika kipaza sauti naongea sauti zote, ya mpelelezi, ya muuaji, ya mwanamke anayependwa na wote wawili, na bila kujisifu mama, watu wanatoka mpaka vijiji vya jirani kuja kunisikiliza. Nina mchumba, Leonard, fundi seremala, mtu mkimya, posa yake kwetu imeshakubaliwa. Jumamosi mchana tulionyesha filamu ambayo muuaji anamshika mjane mkono kwenye ngazi, bastola iko mfukoni, mjane hajui, na muuaji mwenyewe hajui kama atampiga risasi au atambusu, banda zima kimya, maneno yakaniishia, basi nikamtilia muuaji mdomoni yale Leonard aliyoniambia siku aliyoniomba nimkubali: "Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini ukiondoka, nyumba yangu itakuwa mbao tu." Akina mama walilia, vijana wakapiga makofi, nikaona fahari ambayo sijawahi kuiona, kumbe Leonard alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alinisubiri nje, akasema, "Febronia, yale nilikupa wewe. Umempa muuaji. Chagua, mimi au kipaza sauti." Tangu hapo hapokei simu. Nampenda, na kazi naipenda. Nifanyeje?

Febronia, Ulemo

Marahaba Febronia,

Hongera kwanza. Kunyamazisha banda zima kwa bastola ambayo haijatoka mfukoni si kazi ndogo, na usimwombe mtu radhi kwa kuiweza.

Sasa nikukaripie. Mtu asiye na maneno mengi alikutafutia hayo machache, pengine wiki nzima, nawe ukayagawa bila kumuuliza. Hakuichukia filamu, aliaibika. Muuaji mtungie maneno wewe mwenyewe, kipaji unacho.

Lakini naye amezidisha. Kosa la siku moja halifutwi kwa kukunyang'anya kazi. Achana na simu. Nenda karakana kwake mchana, umwambie, "Nilikosea kuyatoa maneno yako, nisamehe, sitarudia. Kazi siachi." Kisha nyamaza, umwache aongee. Akikuelewa, endeleeni na mipango yenu. Aking'ang'ania uache, waambie wazazi wako kabla mahari haijapokelewa.

Na Jumamosi uwe kwenye kipaza sauti chako, awe amekuja au hajaja.

Mama Winfrida