Kibuyu cha Mawele

Kathonzweni, 2 Septemba 1984

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, mume wangu Mutunga na watoto. Sisi ni wazima, ingawa mikanda tumeikaza kwa njaa. Mguu wako je, umepata nafuu?

Mama, nina ombi, lakini kwanza nitubu. Kile kibuyu cha mbegu za mawele ulichonipa siku ya harusi, niliwamwagia kuku. Huku kila mtu alikuwa anapanda mahindi, nikaona aibu. Sasa mahindi yamekauka misimu miwili na mbegu tumezila. Mvua ya Novemba itatukuta mikono mitupu.

Tuko wanawake kumi na wanne katika mwethya wetu, tunalimiana mashamba kwa zamu. Juzi nilisimama nikawaambia, “Mama yangu ana mbegu.” Wakapiga vigelegele hata kabla sijakuuliza! Mama, usiniaibishe. Je, kikundi chenu cha akina mama kinaweza kutusaidia?

Mwanao,
Kavata

Ikutha, 17 Septemba 1984

Mwanangu Kavata,

Hamjambo wote? Mguu wangu unauma ukitaka na unaacha ukitaka. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe! Muthama, mwalimu wetu wa ngumbaru, ameona makosa matatu, nami nimekataa kuyasahihisha.

Kumbe kuku wa Kathonzweni ndio waliokula zawadi yangu. Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Nilijua. Miaka yote hiyo ukija kututembelea hukuwahi kutaja mawele hata mara moja.

Jana baada ya ibada nilisema na kikundi. Jirani yangu Ndululu akaruka, “Aiee! Si walisema mawele ni chakula ya watu wa zamani? Wakule mahindi yao.” Nikamwambia aliyesema hivyo ni mmoja tu, naye nilimzaa mimi. Wakacheka, na mambo yakalainika. Kila mama atatoa nusu ya mbegu zake.

Pesa hatutaki. Silanga letu, bwawa tunalonyweshea mifugo, limejaa mchanga, na sisi tuliobaki hapa ni wazee. Njooni na majembe mlichimbe siku nne kabla ya mvua. Kanisa lina mahindi ya njano ya msaada, tutawapikia. Namna ya kufika ni juu yenu.

Mimi usinihurumie. Vibuyu vyangu vitatu viko juu ya meko, vimejaa.

Mama yako,
Kalunde

Kathonzweni, 30 Septemba 1984

Mwaitu,

Shikamoo! Tumepata lori! Kuna mnunuzi wa mbuzi anaitwa Billow, mtu wa Garissa. Lori lake huja huko kwenu tupu na kurudi limejaa. Nilipomuuliza nauli alikataa. “Mama, hiyo maji mkichimba, hata mbuzi yangu itakunywa.” Jumatatu tarehe nane tunakuja, sote kumi na wanne, na majembe. Sijalala vizuri tangu jana kwa furaha. Waambie akina Ndululu wachemshe maji mengi!

Mwanao,
Kavata

Kathonzweni, 15 Oktoba 1984

Mama,

Tulifika nyumbani salama. Mgongo wangu unalia lakini moyo unacheka. Zile nyimbo tulizoimba ndani ya silanga bado wanaziimba huku kisimani.

Lakini nina neno na wewe. Asubuhi ya kuondoka, ulipokuwa nje ukibishana na Billow nani akae mbele, niliinua mkono juu ya meko nikatikisa kibuyu. Kimya. Nikafurahi, kwa maana kibuyu kikijaa hakilii. Halafu nikahisi wepesi wake. Nikashika cha pili, nikashika cha tatu. Mama, wengine walitoa nusu, wewe ulitoa zote! Mbegu zilikuwa zimeshachanganywa kwenye magunia, na lori lilikuwa linanguruma. Nililia njia nzima hadi mto Athi.

Utapanda nini? Kibuyu kimoja nimekiiba, usikitafute.

Mwanao,
Kavata

Ikutha, 12 Novemba 1984

Mwizi wangu,

Salamu kwenu nyote. Mvua imekuja! Silanga limejaa hadi ukingoni, na Ndululu amecheza ngoma mbele ya mchungaji. Amenipa kunde viganja viwili nipande, tena bila maneno. Zikiota, nitakula majani.

Mimi nilishakula misimu mingi. Wajukuu wangu bado. Kwenu imenyesha? Niandikie.

Mama yako,
Kalunde

Ikutha, 6 Januari 1985

Kavata,

Hamjambo? Tangu Oktoba sijapata hata mstari mmoja. Mmekula mbegu? Kama mmezila, sema tu. Njaa naijua. Kinachonisumbua ni kimya chako.

Mama

Kathonzweni, 10 Februari 1985

Mwaitu mpendwa,

Nisamehe, nisamehe! Sisi sote ni wazima, na hatukula mbegu. Tulisahau ndege! Watu wa mahindi hatukujua. Mawele yalipoanza kushika punje, ndege walishuka wengi mno. Tukagawana zamu kwa mwethya, mashamba kumi na manne, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, kwa makopo na makombeo na sauti zetu. Mimi sauti imeisha kabisa, Mutunga anasema hajawahi kupumzika hivi. Nani angeshika kalamu?

Mama, tumevuna! Watoto wanakunywa uji asubuhi na jioni. Magunia ya kikundi chenu yanakuja na Billow, yamezidi yale mliyotupa. Na kibuyu kile nilichokiiba nimekijaza mwenyewe, nikachanganya na majivu ulivyonifundisha. Hicho ni chako peke yako. Nimemkataza Billow kukiweka nyuma na mizigo.

Mwanao,
Kavata

Ikutha, 24 Februari 1985

Mwanangu,

Mguu hauumi leo. Billow ameshuka na kibuyu akiwa amekipakata kama mtoto mchanga. Nimekitikisa mbele ya akina mama wote. Kimya. Ndululu akauliza, “Kalunde, ni kitupu tena?” Nikampa akishike.

Ilibidi atumie mikono miwili.

Mama yako,
Kalunde