Mti wa Fedha Kati ya Vioo

Msambweni, Alhamisi, Mei 1998. Mvua imeanuka tangu adhuhuri, na mimi nina furaha mpaka naona haya.

Nianze na aibu yangu. Wiki mbili nzima nimewaahidi wasichana wangu wa kidato cha tatu kwamba tutaotesha mti wa madini ya fedha: tone la dawa ya fedha kati ya vioo viwili, nyaya mbili, betri za tochi, kisha umeme ujenge matawi wenyewe. Mwalimu Mkuu alisema akiuona leo, wataenda mashindano ya sayansi Mombasa. Asipouona, basi la shule watapewa wanakwaya.

Jana dawa iligeuka nyeupe kama maziwa. Leo asubuhi, vilevile. Nikawafokea wasichana kwamba hawakuosha vyombo, na maskini walikuwa wameviosha mara tatu.

Dawa ikabaki ya jaribio moja tu.

Nikaenda kununa jikoni. Mama Saumu, mpishi wetu, aliitikia shikamoo yangu, akauliza hiyo dawa naikoroga kwa maji gani. Ya kisima, nikamwambia, tena nimeyachuja.

"Ya kisima yana munyu, mwalimu. Mie hata chai ya wageni siipiki kwayo, maziwa hukatika. Teka ya mvua, yamo mtungini."

Chumvi! Mimi niliyewafundisha kwa kinywa changu kwamba chumvi hutambuliwa kwa kuigeuza nyeupe dawa hiyohiyo! Mtu wa bara mimi, miaka minne nanywa chai ya mama huyu, wala sikuwahi kuuliza maji yake yanatoka wapi.

Saa nane Mwalimu Mkuu akainamia hadubini, nami, dawa nikiwa nimeikoroga kwa maji ya mvua, nikaunganisha waya. Ncha ikachipua unywele mmoja unaong'aa. Ukagawanyika. Matawi yakazaa vitawi, vitawi vikazaa vingine vyembamba hata hadubini yetu haivifikii. Mzee alikaa pale mpaka nikadhani shingo imemkwama.

Kisha nikamweleza kosa la maji ya kisima, akauliza ni nani aliyeligundua. Nakiri, jina langu lilishafika kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza, nikamtaja Mama Saumu.

Wasichana wanakwenda Mombasa!

Vigelegele vyao vimesikika hadi barabarani, na hakuna hata mmoja aliyenikumbusha maneno yangu ya asubuhi. Niliwafokea mbele ya darasa zima. Kesho nitawaomba radhi papo hapo, mbele ya darasa zima.