Masizi ya Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu kanipa daftari la maabara. Kurasa zina namba, ukichana moja inajulikana. Eti kwao kisichoandikwa hakikutokea. Na ukikosea unakata kwa mstari mmoja tu, kosa libaki linasomeka. Nikamwambia sawa, ila mstari huo mimi sitauhitaji.

Kazi yangu humu maabara ni kuosha vyombo. Zamani nilikuwa fundi bomba wa jengo hili. Kila bomba nimelifunga mimi na hakuna linalovuja. Hata profesa wao, yule Miwani Mbili — moja puani, moja kichwani, anazitafuta zote — maji yakigoma ananijia mimi.

Leo mjukuu kanieleza kazi yake. Anachukua sharubati iliyotokana na mahindi, wanaiita pombe ya sukari, lakini hailevyi, nimeuliza. Anaipika na unga mweusi, zinatoka chenga nyeupe za kutengenezea plastiki na dawa. Unga mweusi ndiyo asidi. Nikasema asidi ni maji, nimezibulia vyoo miaka thelathini.

"Hii ni ya unga, Babu. Ile ya maji ikishachanganyika na sharubati kuitoa ni balaa. Hii haiyeyuki. Naichuja, naiosha, naikausha, naitumia tena."

Kashaitumia mara nne. Ijumaa raundi ya tano, mbele ya Miwani Mbili. Ikikubali, anahitimu. Ikikataa, mwaka mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Chai ipo, sukari hakuna. Sharubati ipo. Mjukuu kanionya: maabara huli, hunywi, hulambi. Hayo ni ya watoto. Nimetia vijiko vitatu. Tamu. Nikatia viwili tena.

Saa sita. Chooni.

Saa saba. Chooni. Choo hiki nilikifunga mimi, kinavuta vizuri.

Saa tisa. Sijui kama daftari la maabara linaruhusiwa kuingia huku. Limeingia.

Jumatano, 5 Machi

Tumbo limetulia. Mwingine angelazwa. Makapi ya chai nimemwaga kwenye sinki, ushahidi umekwisha.

Nimeosha vyombo arobaini na viwili. Kimoja kilikuwa na masizi chini, kimekaa karibu na sinki yangu. Nimekisugua mpaka kimeng'aa kama jino la mtoto. Mimi siachi masizi.

Mchana mjukuu kaingia. "Babu, kuna chombo nilikiacha hapa unga ukauke. Kiko wapi?"

Nikasema labda Miwani Mbili kakichukua. Akaenda mbio kumuuliza.

Kisichoandikwa hakikutokea. Hili ningependa lisitokee, lakini kalamu ishatangulia. Nimekata mstari mmoja juu ya neno masizi. Bado linasomeka.

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu hajala tangu jana. Kutengeneza unga mwingine hakusaidii, maana raundi nne zote ni za unga uleule. Binti yangu, mama yake, kapiga simu: "Baba, mtoto ana nini?" Nikasema masomo.

Nikakaa mbele ya sinki. Nikaitazama, ikanitazama.

Haiyeyuki. Si kasema mwenyewe? Na kila kizito kinachoshuka humu kinatua kwenye kiwiko cha bomba kule chini. Kiwiko hicho nilikifunga kirefu kupita kanuni, mafundi wenzangu wakanicheka. Wako wapi leo.

Nimekifungua kwa mkono, bila spana. Ndani: tope jeusi, limetulia kama mgeni wa heshima. Na kifungo cha shati. Na meno ya kitana. Nimeliosha tope mara kumi kwa yale maji yao safi ya dumu, nimechuja, nimelikausha kwenye oveni. Nikaliweka ndani ya chombo chake, nyuma ya mizani.

Mjukuu alipokiona kalia. Kisha kasema, "Babu, hapa nimepita mara tatu."

Nikasema ndiyo macho ya vijana. Kanikumbatia. Mkono wangu ulinuka bomba, nikauficha nyuma.

Ijumaa, 7 Machi

Miwani Mbili kaja. Kavaa zote mbili puani, maana yake leo ni kazi kweli. Mimi niko mlangoni mwa chumba cha kuoshea, naandika, waone nina shughuli.

Mjukuu anapima unga. Mizani inaonyesha umezidi ule wa raundi ya nne.

Miwani Mbili anasema, unga hupungua kila raundi, hajawahi kuona unaozaa.

Mjukuu anachukua koleo ndogo. Anachokora taratibu. Ananyanyua kitu, anakilaza kwenye karatasi nyeupe.

Jani la chai.

Nalisikia bomba la chumba cha jirani, likidondosha tone. Hilo sikulifunga mimi.

Miwani Mbili anauliza nani anakunywa chai maabara. Anasema mtu huyo hatagusa tena chombo humu, awe nani. Anamtazama mjukuu, mimi hata hanioni.

Mjukuu kageuka, kanitazama mara moja. Kisha katazama chini. Kasema, "Ni mimi, Profesa."

Hapana. Huyu hajawahi kunywa chai tangu azaliwe, mama yake anajua.

Nakwenda. Daftari naenda nalo, kurasa zina namba. Nitaanza na kile kiwiko, nilivyokifungua bila spana, wasikie kwanza hilo, halafu ndiyo niseme —