Ile Chupa Waliyoiita Chai

Kabambare

Kwako Yaya Théophile, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu zote. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima huko Lubumbashi, na kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi tu wazima, ila mimi nimekasirika, na nisipokuandikia nitapasuka.

Tekila uliyompa Feza atuletee ilifika salama, pamoja na kurushwarushwa kwenye pikipiki tangu Kasongo. Tuliipeleka kwa wakwe siku ya kumposea kijana wangu Glody binti yao Sonia. Nilijivuna, yaya. Nikawaeleza kama ulivyonieleza: imelala miaka ndani ya pipa la mbao, ndiyo maana ina rangi ya asali, na hainywewi kwa pupa.

Akasimama Isidore, mjomba wa Sonia, yule fundi pikipiki mjane aliyewekwa asemee ukoo wao. Akainua chupa kwenye jua. Akasema pombe kali anaijua, ni nyeupe kama lotoko yetu ya mahindi. "Hii iko na chai ndani," akatangaza mbele ya watu wote. Nikamwonyesha kizibo hakijaguswa. Akasema watu wa Lubumbashi ni mafundi wa kuziba. Nikamwambia inatoka kwenye mmea unaofanana na katani. Akauliza kama tumemletea kamba anywe. Watu wakacheka wakishika mbavu. Posa ikasimamishwa mpaka tulete kinywaji cha kweli, na Sonia akakimbilia ndani akilia. Mimi, Emilienne, kuitwa tapeli kwa ajili ya majani ya chai!

Nikarudi na chupa kwapani. Nyumbani nikajimiminia kidogo kwa hasira, niione hiyo chai. Yaya, kwa nini hukuniambia? Inaanza na harufu ya ubao mpya, unafuata utamu wa ndizi iliyoungua kidogo kwenye makaa, halafu inashuka polepole na kuacha joto kifuani. Nilikaa nayo mdomoni nikasahau kununa. Kisha nikakumbuka, nikanuna upya. Kitu kizuri hivi, kutukanwa na mtu ambaye hata hakukionja!

Kesho yake Isidore akaja, amesukumwa na machozi ya Sonia. Sikumkaribisha vizuri. Nilimpa kwenye kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, na alipotaka kumeza yote mara moja nikamshika mkono. Akanusa. Akaonja. Akauliza kwa adabu kama naweza kumwongeza. Nikamjibu ataongezwa akishatubu mbele ya wale wale waliocheka. Akatubu Jumapili baada ya misa, na Glody amekubaliwa.

Sasa kuna jambo nimekuwa nikilizunguka. Isidore aliendelea kuja jioni, tukinywa tone kwa tone. Chupa imeisha, yaya, na bado anakuja. Tangu Baba Glody atutoke, sikudhani ningemngoja tena mtu mlangoni. Ameomba kunioa, nami nataka.

Lakini hasira yangu haijaisha. Njoo siku atakapokuja kuniposa, ukae mahali pa baba yetu. Nimemwagiza alete lotoko safi, nyeupe anavyoipenda. Uinue chupa kwenye jua, mbele ya ukoo wake wote, useme kwa sauti: "Hii iko maji."

Halafu, yaya wangu, ukubali.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Emilienne