Jicho Lililobaki Kwenye Kikombe

Baba,

Nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, mjukuu wako Imani amelala mapajani mwangu baada ya kutiwa matone. Huyu hukumwona. Alizaliwa baada ya sisi kukuzika, na amechukua hasira zako zote. Alhamisi watamtoa jicho la kulia. Nimeliandika hilo haraka ili nisilie, maana kina mama wenzangu hapa wananitazama.

Niligundua mwenyewe. Stima zilikuwa zimepotea, nikawasha tochi ya simu nimnyonyeshe, mboni yake ikang'aa nyeupe kama jicho la paka. Nikajiambia ni tochi. Nikazima, nikawasha tena. Siku hizi nalimulika hata la kushoto, tena na tena, mpaka baba yake ameanza kunifichia simu.

Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza: "Kwenu kuna mtu aliyetolewa jicho akiwa mtoto?" Nikajibu hapana bila hata kufikiri. Nikamwambia baba yangu alikuwa na jicho moja, lakini lingine lilikwenda na vita vya uchaguzi. Akanipa pole. Nilikuwa mdogo sana wakati ule, Baba, lakini nakumbuka ulikuwa na macho mawili kabla hatujakimbia, na moja tulipofika kambini pale uwanja wa maonyesho. Nani angenibishia?

Alinibishia Shangazi Rebeka. Dada yako alikuja kutoka Moiben na mursik, maziwa yake ya kibuyu, kumwona mtoto, akamshika kidevu, akamgeuzia mwanga wa mlangoni, kisha akakaa chini. Baadaye akanieleza kwamba weupe ule aliuona zamani, kwako, ukiwa bado wa kubebwa. Ulitolewa jicho kabla hujajua kutembea. Lile ninalolikumbuka lilikuwa la bandia, ukiliweka kwenye kikombe kila unapolala. Nyumba ilipochomwa mlitoka mbio, Mama amenibeba, kikombe kikabaki ndani. Kule kambini mtu aliyekuwa akigawa blanketi aliona shimo tupu akasema, "Pole, mzee, wamekufanyia hivi." Ukanyamaza. Mama naye akanyamaza, mpaka akaenda na siri hiyo kaburini.

Nilikukasirikia, sikufichi. Nilikukasirikia nikifua nepi, nikipika, hata kanisani. Shangazi akaniambia nikuelewe, kwamba kabla ya vita ulikuwa chongo tu wa kuchekwa sokoni, na baada ya vita watu walianza kukupisha kiti. Najua pia hukuitumia heshima hiyo vibaya. Kila uchaguzi ulipokaribia ulizunguka kwenye mikutano ya amani, vijana wamenuna, nawe unavua miwani na kuwaambia: "Mimi nilipoteza jicho. Wewe usipoteze jirani." Nimewaona kwa macho yangu wakiinamisha vichwa.

Nilirudi kwa daktari nikasema ukweli. Akachukua kalamu akanichorea. Mtoto akiwa tumboni, alisema, nyuma ya jicho lake hutengenezwa utando mwembamba wa kupokea mwanga, unaitwa retina. Seli zake hupelekeana ujumbe: wewe utashika mwanga, wewe utaupeleka kwenye ubongo, na sasa tumetosha, tuache kuongezeka. Kuna jeni inayosimamia huko kutosha. Kila seli ina nakala zake mbili, moja ya mama, moja ya baba. Mtoto akirithi nakala moja mbovu, hubaki na moja tu ya kumlinda. Hiyo nayo ikiharibika kwenye seli moja tu, seli hiyo haisikii tena ikiambiwa basi. Inazaana, inazaana, mpaka inajaza jicho; hiyo ndiyo saratani yenyewe. Mimi huenda ninabeba nakala hiyo mbovu na haikunigusa. Hata uvimbe wa paja uliokuondoa, alisema, inawezekana ulitoka huko huko. Wametutoa damu mimi na Imani, tunangoja majibu, na usingizi sina.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hakikukuumbua, Baba. Tulikuzika na sifa zako zote, aibu akaachiwa mtoto mchanga.

Sasa kuna Amos. Mdogo wangu amekuwa mtu mzima, ameoa, na mkewe yuko karibu kujifungua. Daktari anataka Amos apimwe, na mtoto wao aangaliwe macho mara tu akizaliwa, kwa sababu ugonjwa huu ukiwahiwa jicho linaweza kuokolewa. La Imani la kulia tulichelewa. La kushoto wameona kidoa kidogo, wanasema watajaribu. Nilimweleza Amos yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Usimharibie mzee jina. Hiyo story yake imeokoa watu hapa, na uchaguzi unakuja tena." Akanikataza kumwambia mkewe.

Hajakosea kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikiwaza uchaguzi naogopa, nikimtazama mtoto naogopa, sijui hofu ipi inatangulia.

Wanatuita, Baba, ngoja nikuage. Nikitoka hapa leo napitia kwa mke wa Amos. Nitamwambia kila kitu, na nakuahidi mtoto wake atamulikwa macho kabla hajamaliza juma moja duniani. Watakaosema mzee alitudanganya, waseme. Nitawasikia, na itaniuma. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi. Lakini kama huko uliko unasikilizwa, tuombee lile jicho la kushoto.

Binti yako,
Damaris