Mama Hadeki

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mpendwa Dada,

Salamu kwanza, hasira baadaye, ndivyo tulivyolelewa. U hali gani? Shemeji na kile kifua chake anaendeleaje? Na ofisi yako ya mikutano isiyokwisha, bado imesimama? Mimi sijambo, ila mgongo unanidai kila ninapoinuka kwenye cherehani. Binti yangu naye hajambo. Meno mawili ya mbele yameng'oka na bado anaongea kuliko mimi, mimi mliyenibandika jina la Chiriku.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa vuta kiti ukae.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe ndiye msemaji, mimi kazi yangu ni "ndiyo Dada, sawa Dada". Karatasi hainikatizi.

Unalikumbuka Daftari la Mashtaka? Utalisahauje! Mama alikuwa anafundisha darasa la tatu mchana kutwa, na bado akirudi anatuletea ualimu mpaka mezani. Ukitaka kumshtaki mwenzako, huruhusiwi kulia wala kupayuka. Unaandika sentensi nzima: nani, kafanya nini. Mama anapitisha kalamu nyekundu. Kama ni kweli, anatia vema na mwenye kosa anajirekebisha. Kama si kweli, anatia mkasi, ile alama yake ya kosa, na mshtaki anaomba radhi.

Wewe uliandika "Chiriku ameiba sukari", ukala mkasi, maana bibi yetu ndiye aliyenituma. Mama akasema aliyetumwa haibi, katafute neno lingine. Kaka naye aliandika kwamba unamchokoza, naye akala mkasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuvificha viatu vyako. Mchokozi ni yule anayeanza. Na ilikuwepo ile sheria ya mwisho, ambayo leo nakukumbusha kwa makusudi: sentensi ya uongo inafutwa na aliyeisema kwanza, si aliyeibeba.

Sasa sikiliza.

Mama alipoteleza bafuni, zahanati walisema ni msuli tu, wakamfunga bendeji, wakampa wiki mbili za kupumzika. Wiki mbili zikaisha, Mama bado anataka kushikwa mkono kwenda chooni. Bado anataka mto wa tatu chini ya mguu. Nami nilikuwa na sketi sitini za shule, marinda kila moja, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Kila nikikanyaga pedali, nasikia "Chiriku mwanangu!" Nanyanyuka, narudi, uzi umekatika.

Nikakupigia simu. Nilitaka pole, Dada, pole tu, hata ya uongo. Wewe, uliyeko huko, ambaye hujamwona Mama akishuka kitandani hata mara moja, ukasema: "Mama anadeka. Mkimwendekeza hivyo hatasimama tena." Kaka akalidaka. Alikuja Jumapili na mkasi wake kumpunguza Mama nywele, akamwambia kwa kumtania, "Mwalimu, siku hizi unadeka!" Wakacheka wote wawili. Mama alicheka kidogo.

Mimi nami sina la kujitetea. Siku moja marinda yalinishinda, akaniita mara ya nne kabla ya saa sita, nikapandisha mori. Nikalitoa daftari kwenye droo, nikaandika kwa mwandiko wangu ule wa kushona: "Mama anadeka." Nikamwekea mapajani na kalamu nyekundu juu yake. Nilidhani atatoa macho, anikate, tucheke, yaishe.

Akaisoma. Akavaa miwani, akaisoma tena. Akatia vema.

Na tangu siku hiyo hakuniita. Ndugu yangu, nilifurahi! Nilimaliza sketi zote sitini, nikazipeleka siku moja kabla. Nikamwambia na Kaka kwamba Dada ana akili, dawa imefanya kazi. Nakuandikia haya ili ujue kwamba nami najichukia.

Jumanne nikaingia kubadilisha shuka. Jagi la maji lilikuwa limejaa, kama nilivyoliacha jana yake. Nikalitazama, nikarudi nyuma siku kama tatu hivi, nikakumbuka kwamba kila asubuhi nilikuwa namwaga maji yaleyale na kuweka mengine. Nikamuuliza Mama mbona hanywi. Akasema hana kiu. Midomo imekauka mpaka imepasuka, anasema hana kiu! Binti yangu ndiye aliyelitoa jibu, kwa mdomo wake ule wa mapengo: bibi hanywi maji ili asiende chooni, kwa sababu akienda chooni mama atasema anadeka.

Dada, niliketi sakafuni.

Tulimpeleka hospitali kubwa. Daktari wa mifupa akapiga picha, akanionyesha. Nyonga ina ufa. Siyo msuli, wala haikuwa msuli tangu siku ya kwanza. Mama yako alikuwa anatembea juu ya mfupa uliopasuka, ameshikilia kabati, kimyakimya, ili mimi nishone.

Anapasuliwa Alhamisi, wamwekee chuma. Lakini siyo upasuaji unaomtisha daktari. Anasema baada ya hapo Mama atasimamishwa na kufundishwa kutembea upya, na lazima aseme panapouma, la sivyo chuma kitahama na hakuna atakayejua mpaka mguu uharibike. Na Mama hasemi. Daktari amebonyeza nyonga, Mama jasho limemtoka puani, anajibu, "Hapana mwanangu, hapaumi." Muuguzi anapita na dawa za maumivu, Mama anamwambia awape wenye shida. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, anadanganya hospitali nzima kwa sababu ya sentensi ya maneno mawili!

Nimempigia magoti. Nimempelekea daftari wodini, nimemwomba akate ile sentensi. Nikamuuliza hata kwa nini alinipa vema. Akasema, "Ulikuwa umechoka, na mwandiko ulikuwa mzuri."

Nikashika kalamu nikate mwenyewe. Akafunga daftari. "Wewe uliibeba tu," akasema. "Sheria unaijua." Kaka amejaribu, amejibiwa hivyohivyo. Mama hasahau nani alisema nini. Alikuwa pale kitandani siku ile nilipokupigia, na simu yangu ilikuwa kwenye spika.

Umeona tulipofika? Mimi nimebeba, Kaka amebeba, lakini mwenye mzigo ni wewe.

Kwa hiyo usinipigie simu kuniambia una mkutano. Barua hii anakuletea dereva wa basi la asubuhi, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Ndani ya bahasha kuna ukurasa wenyewe. Nimeuchana, Mungu anisamehe, mara ya kwanza mtu kulichana daftari lile. Kuna na kalamu nyekundu. Panda basi lake likigeuza, umkatie sentensi hiyo mbele ya macho yake, kabla ya Alhamisi. Kisha umuulize panauma wapi, na wewe ukae umsikilize mpaka amalize.

Kaka anakusalimu, amefunga duka lake la kinyozi leo ili akae wodini. Binti yangu anakusalimu, anasema umletee biskuti laini. Unisalimie Shemeji na wanangu wote wawili. Mungu akulinde njiani, na akutie haraka.

Mama naye anakusalimu sana. Jana wodini aliniona natafuta karatasi, akaniuliza namwandikia nani. Nilipomwambia, ameniagiza nikuambie usiache kazi yako ukaja mbio kwa ajili ya mguu tu. Anasema watu wataona anadeka.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja,

Chiriku