Hakuna Mwanamume, Kuna Mashuka

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na wanao wote, pamoja na huyo wa mwisho ambaye nasikia sasa anatembea na kuvunja vyombo. Mgongo unaendeleaje? Usiniambie haujambo, maana hilo ndilo jibu lako la siku zote, hata siku ile uliposhindwa kuinuka kitini ulisema hivyo hivyo. Mimi ni mzima, nakula, nafanya kazi, nalala, na hapo pa kulala ndipo penye habari. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote, nami ningeanza kujitetea, tukaishia kununiana. Barua huwezi kuikatiza. Acha hiyo kazi iliyo mkononi mwako, ukae, usome.

Shemeji amenipa ujumbe wako. Anasema Mama Habari, jirani yenu, alipokuja huku kumwona mwanawe aliniona Jumamosi mchana nikiingia hotelini peke yangu, nimevaa gauni la maua, nina begi dogo, na kwamba nilitazama nyuma kabla ya kuingia. Anasema tangu uipate habari hiyo umekaa roho juu, unajiuliza ni mwanamume gani huyo anayeona haya kuja nyumbani akajitambulisha kama watu wengine. Halafu akaniambia kwamba hukukasirika, ulilia tu. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipotutoka, wewe ndiye uliyeacha shule ili mimi niende, na sitaki ulie kwa sababu yangu hata siku moja. Kwa hiyo natanguliza jibu, maelezo yatafuata.

Dada, hakuna mwanamume. Kuna mashuka.

Na Mama Habari, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakutia chumvi. Hotelini niliingia, begi lilikuwepo, na nyuma nilitazama kweli, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu nilijiona kama mtu anayekwenda kuiba.

Unajua nafanya kazi ya udobi katika hoteli kubwa, lakini chumba chetu hujawahi kukiona. Kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na joto lake linakukaribisha tangu ngazini. Mashuka yanatoka kwenye mashine ya pasi yakiwa meupe na ya moto, mimi nashika pembe mbili, mwenzangu anashika mbili, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena, kama watu wanaocheza dansi bila muziki. Mwenzangu ni mama mtu mzima tunayemwita Shangazi. Miaka yote hii nimenyoosha mashuka ya watu, nikarudi chumbani kwangu kulalia lile shuka langu unalolijua, lenye kiraka. Wala sikuwahi kulalamika. Nilikuwa sijui kama kuna cha kulalamikia.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nilifanywa msimamizi wa chumba cha pasi. Ndiyo, mdogo wako huyu huyu aliyeunguza sare ya shule. Mshahara umepanda, na fungu lenu nilishalituma kabla sijagusa kitu, kwa hiyo usianze kupiga hesabu kichwani. Shangazi akaniuliza, huku tumeshika shuka, kwa nyongeza hiyo nitajinunulia nini mimi mwenyewe. Nikamwambia sijui. Akaniambia nifikiri. Tulikunja rundo zima nikifikiri, ndipo nikamwambia kwamba natamani kulala, japo siku moja tu, kwenye shuka lililopigwa pasi na mtu mwingine. Nilidhani atacheka. Akaniambia basi niende, tena nisimwombe mtu ruhusa.

Kwetu wafanyakazi hatulali, ni sheria, kwa hiyo nikachagua hoteli nyingine, ndogo, upande wa pili wa mji. Dada wa mapokezi aliniuliza kama niko peke yangu, nami nikajibu kwa sauti kubwa mno kwamba niko peke yangu kabisa, hata wazee waliokuwa wakisoma magazeti wakageuka. Nilipofungua chumba nilivua viatu mlangoni. Kitanda kilikuwa kipana, kimetandikwa, kimenyooka. Nikasimama pale nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Lakini dobi ni dobi. Kabla sijakaa nilishaanza kukagua. Shuka lilikuwa zuri, sina neno. Foronya moja ilikuwa na mkunjo wa pili pembeni ya ule wa kwanza, kosa ambalo mtu mwingine asingeliona maisha yake yote, nami sikuweza kulitoa akilini. Nikapiga simu mapokezi kuomba pasi. Aliyekuja ni mhudumu wa vyumba, mikono mitupu, akaniomba radhi sana, akauliza nguo ipi inyooshwe, kwa sababu mgeni hapewi pasi, anapigiwa. Nikamnyooshea mto. Alinitazama, akautazama mto, akauchukua, akaniletea mwingine. Nina hakika huko chini nilizungumzwa.

Halafu nikaoga, na hapa ndipo unapoweza kunicheka. Bafuni mlikuwa na beseni refu la kulalia, la maji ya moto yanayofika shingoni. Sisi ambao maji ya kuoga yalikuwa ndoo moja tukigawana. Ile simu yako ya Jumamosi jioni ambayo sikuipokea, nilikuwa humo, povu mpaka masikioni. Nilikaa mpaka vidole vikakunjamana. Baadaye nikalala mshazari, miguu kona hii, kichwa kona ile, kwa sababu hakuna wa kunisukuma, na lile shuka lilikuwa baridi kwanza, kisha likawa vuguvugu, na sikumbuki kingine mpaka asubuhi. Raha niliyoipata siwezi kukueleza nikaimaliza.

Nilipoamka nikafanya kosa lingine la kazini. Nilivua mashuka yote, nikayakunja, foronya nikazifunga fundo moja, nikaweka rundo mlangoni jinsi sisi madobi tunavyopenda kuletewa. Yule mhudumu alipoliona aliniuliza nafanya kazi hoteli gani. Tukacheka wote wawili, akanipa mkono.

Kisha nikashuka kunywa chai. Kijana wa mezani akaniuliza nataka yai la namna gani, na kama nakunywa chai au kahawa. Nikamwambia chochote. Akasubiri kwa adabu, akaniuliza tena. Nikamwambia chochote tu, mwanangu, usihangaike. Akaniambia, bila ubaya, kwamba yeye jikoni anaingia kila siku na chakula cha jina hilo hajawahi kukiona. Nikacheka, naye akacheka, lakini kalamu bado alikuwa ameishika anasubiri. Mtu mzima, msimamizi, nina watu chini yangu, sijui napenda yai la namna gani. Mwishowe nikamwomba aniletee la kukaanga na la kuchemsha, chai na kahawa, nikaonja kimoja kimoja kama jaji. Ni la kuchemsha, dada, liive kabisa. Na kahawa. Sikuwahi kujua.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na naomba usisimame.

Wakati wa kuondoka nilipita mapokezi nikalipia chumba kingine. Ni chako. Mwisho wa mwezi, Ijumaa mpaka Jumapili, wewe peke yako. Shemeji nimeshampigia, amekubali kubaki na watoto, na amefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Najua utakataa. Manukato niliyokuletea yalikwenda kwa bibi harusi wa mtaa wa pili, viatu vikamtosha wifi, blanketi liko kabatini na plastiki yake linasubiri wageni ambao hawajazaliwa. Silalamiki. Ila chumba cha hoteli huwezi kumgawia wifi wala kukifungia kabatini, na fedha hawarudishi. Niliuliza makusudi, nilipojibiwa kwamba hazirudi nikashukuru.

Basi yule dada wa mapokezi akataka kukuandalia chumba vizuri. Akaniuliza kama mgeni wangu anapenda mto laini au mgumu. Kama anapenda dirisha la bustanini au la barabarani. Akiamka anakunywa nini. Namjua shemeji, chai yake bila sukari. Nawajua wanao mmoja mmoja, nani hali vitunguu, nani halali bila taa. Hata mama namkumbuka, alipenda rangi ya zambarau na kukaa karibu na mlango. Nikakutafuta wewe kichwani, nikakuona unakula kilichobaki kwenye sufuria, unavaa kilichobaki baada ya sisi kuchagua, ukiulizwa unasema chochote. Nimelelewa mgongoni mwako, na sijui unapenda nini. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia, na gauni langu la maua.

Nilipotulia nikarudi ndani nikamwambia nitakuuliza, kisha nitampa majibu.

Kwa hiyo nakuuliza. Mto, dirisha, kinywaji, yai, na rangi pia, hata kama ya rangi hakuiuliza. Usiniambie nichague mimi, na usimuulize shemeji. Kama hujui, usione haya, hata mimi nilikuwa sijui, kaa ufikirie, jibu lisipokuja leo litakuja kesho. Sote katika nyumba ile tulikuwa na mtu wa kutuuliza tunataka nini, na mtu huyo alikuwa wewe. Wewe hukuwa na wa kukuuliza. Sasa yupo.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na shemeji mwambie ahsante yangu ataipata ana kwa ana. Mungu akupe afya na usingizi mzito.

Ni mimi akupendaye,
mdogo wako, kitindamimba.